Sweta Ni Nywele: Sufu na Maisha Yake Kisumu

Mimi huenda soko la Kibuye na kibiriti mfukoni, na sivuti sigara. Jumapili, siku ambayo soko hilo hufurika mpaka wauzaji wakamwagika kando ya barabara, nikipata sweta linalonivutia naomba ruhusa nichomoe uzi mmoja kwenye mshono wa ndani. Nauwasha. Ukinuka kama kichwa cha mbuzi kinachobabuliwa manyoya, na jivu lake likasagika vidoleni kama unga wa mkaa, hiyo ni sufu. Ukiyeyuka na kuacha tone jeusi gumu kama shanga, hiyo ni akriliki, yaani plastiki iliyofumwa. Mama mmoja ninayenunua kwake alinitazama kwa shaka mara ya kwanza. “Kasto, unataka kunichomea biashara?” Siku hizi yeye ndiye anayeniuliza, “Umekuja na kibiriti, baba?”

Harufu hiyo ya kichwa cha mbuzi ndiyo somo lenyewe. Uzi unanuka hivyo kwa sababu sufu ni nywele. Nywele za kondoo, manyoya ya mbuzi na nywele zangu mimi zimejengwa kwa protini moja, keratini. Kila ninayemweleza hivi hukubali upesi, kisha huenda nyumbani akalifua sweta lake kama shuka. Ajabu ni kwamba Kisumu inajua nywele kuliko inavyojua vitu vingi. Kuanzia Kondele hadi Nyalenda huwezi kwenda mbali bila kupita saluni au kinyozi, na ndani yake kuna watu wanaojua ni dawa ipi inakata nywele, maji ya moto yanafanya nini, na kwa nini mtu hasugui kichwa kwa sabuni ya mche. Ujuzi huo wote huishia mlangoni mwa saluni. Kwenye beseni la kufulia tunatumia ujuzi mwingine kabisa, ujuzi wa pamba.

Hilo lina historia yake. Reli ilipofika ziwani Desemba 1901, na kituo kikaitwa Port Florence, wafanyabiashara waliifuata na maduka yao, akiwamo Allidina Visram ambaye biashara yake ilienea kutoka Mombasa hadi Uganda. Nguo waliyouza ilikuwa hasa ya pamba. Serikali ya kikoloni ikahimiza kilimo cha pamba Nyanza, na baadaye mji ukapata kiwanda chake cha nguo, Kisumu Cotton Mills, kilichojulikana kwa kila mtu kama KICOMI. Kiwanda kilikufa, lakini mazoea yalibaki mikononi mwetu. Kondoo wa sufu, kwa upande wao, hawakuwahi kuwa majirani zetu. Wako juu kwenye baridi, Molo, Nyandarua na Timau, nchi ambayo walowezi kama Lord Delamere walijaribia kondoo wa kigeni. Kondoo wa huku kwetu ni wa nyama, na nywele zake fupi hazifumiki kuwa chochote. Sufu ilitufikia ikiwa tayari blanketi au koti, na hakuna bibi aliyewafundisha wajukuu wake namna ya kuiosha.

Pamba inavumilia mateso. Ikilowa inaongezeka nguvu, ndiyo maana unaweza kuipiga jiweni, kuichemsha na kuikamua hadi mishipa ya mikono isimame. Sufu ikilowa inapungua nguvu. Tofauti hiyo moja inaeleza karibu masaibu yote ninayoyaona kwenye kamba za nguo.

Lakini kabla ya kufika kwenye kamba, kuna swali ambalo rafiki zangu wa Nairobi huniuliza wakicheka: nani anavaa sufu Kisumu? Mji uko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, mchana joto ni nyuzi 29 au 30, na usiku mara nyingi halishuki chini ya 17. Fukuto la saa nane mchana pale Kibuye linaweza kumfanya mtu achukie hata shati lake.

Wanaovaa wapo, ila si lazima uwaone mchana. Kuna mlinzi wa usiku na kabuti lake. Kuna msafiri wa basi la usiku la Nairobi, ambaye saa saba atakuwa amepita Kericho na anapanda Mau Summit, na asipokuwa na kitu kizito atayajutia mapengo ya dirisha lililo karibu naye. Kuna mwanafunzi anayepelekwa shule ya bweni Kericho au Eldoret, miji iliyo mita 2,000 na zaidi, akiwa na sanduku la bati. Kuna wakili na suti yake, na kuna sisi sote tunaovaa suti Jumamosi kwenye mazishi ya kijijini, jua lote hilo likituwakia. Kuna wafiwa wanaokesha nje. Na kuna mvuvi wa omena. Omena huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa taa zinazowavuta samaki juu. Mtu huyo hukaa saa nyingi kwenye upepo akiwa amelowa hadi kiunoni. Hapo sufu ina fadhila ambayo pamba haina. Inaweza kunywa unyevu unaokaribia theluthi ya uzito wake kabla mvaaji hajahisi kuwa imelowa, na inaponywa inatoa joto kidogo. Fulana ya pamba iliyolowa inamla mtu joto. Sweta la sufu lililolowa bado linamlinda. Wavuvi wa bahari za kaskazini mwa dunia walilijua hilo karne nyingi, na walivaa sufu nzito kwa sababu hiyo hiyo.

Wote hawa sufu yao hutoka kwenye mitumba. Kenya iliingiza tani zipatazo 185,000 za mitumba mwaka 2019, na serikali iliposimamisha uingizaji Machi 2020 kwa ajili ya korona, marufuku hiyo ilidumu hadi Agosti tu. Ndani ya marobota hayo, sufu nzuri ya kutoka nchi za baridi huja kwetu kwa bei ya soda chache, wakati mwingine kwa bei kubwa kidogo ikiwa muuzaji ameitambua kuwa kamera, ile daraja ya kwanza inayotolewa juu ya lundo kabla ya kuachia fagia, yaani mabaki. Nguo inafika bila maelezo. Lebo imekatwa, au imefifia, au imeandikwa kwa lugha asiyoijua muuzaji wala mnunuzi. Ikiwapo, tafuta mambo mawili: alama ya Woolmark, ile nembo ya mistari iliyojiviringa kama kishada cha uzi, iliyoanza kutumika 1964; na ile picha ya beseni. Beseni lenye mkono ndani yake maana yake ufue kwa mkono. Beseni lililopigwa mkasi wa mistari maana yake maji yasiiguse.

Niseme pia kwamba masweta mengi ya shule mjini si sufu. Ni akriliki. Hayarudi, hayaliwi na nondo, na mengi ya nitakayosema hapa hayayahusu. Adui yake ni pasi ya moto, inayoyalegeza yasirudi tena katika umbo. Kutenganisha vitu hivi viwili ndiyo kazi ya kwanza, na ndiyo kazi ya kibiriti.

Sasa turudi kwenye nywele. Ukitazama unywele wa kondoo kwa darubini utaona magamba yaliyopangana kama mabati ya paa, yote yakielekea ncha. Ukilowa, na hasa maji yakiwa na joto, magamba hayo huinuka. Ukisugua, unywele mmoja husogea upande mmoja tu, kwa kuwa magamba hayauruhusu kurudi, na hushikana na mwenzake. Sugua zaidi, zishikane zaidi. Mwisho wake ni kitambaa kigumu, kinene, kidogo. Kiswahili kinasema nguo imerudi, lakini kwa sufu neno hilo linadanganya kidogo, kwa sababu haijarudi popote na hutaweza kuivuta ikafuata tena. Fundi wa dredi anaielewa hali hii bila maelezo yangu. Yeye huchukua nywele, akaziloanisha, akazisokota kati ya viganja mpaka zikajifunga zenyewe, na mteja akibadili nia hakuna njia ila mkasi. Anayefikicha sweta kwenye beseni la maji moto anafanya kazi ile ile ya dredi, ila hajui na halipwi bei ya dredi.

Na sabuni? Hapa pia jibu liko saluni. Dawa ya kulainisha nywele hufanya kazi kwa sababu ina magadi makali, na magadi hayo huvunja vifungo vya salfa vinavyoishikilia keratini. Ndiyo maana msusi hutazama saa, na ndiyo maana baada ya dawa huosha kwa shampuu maalumu ya kuzima ule ukali. Akizembea, nywele zinakatika. Sabuni ya mche imetengenezwa kwa magadi ya jamii hiyo hiyo. Si kali kama dawa ya nywele, lakini pH yake huwa 9 au 10 au zaidi, na sufu hutulia palipo na uchachu kidogo, karibu na 5. Sabuni ya unga ina tatizo la pili: nyingi zina vimeng'enya vya kumeng'enya protini, vilivyowekwa humo ili vile madoa ya damu na mayai. Sufu nayo ni protini, na kimeng'enya hakiulizi. Jik ni mbaya kuliko vyote. Pamba inafanywa nyeupe na Jik. Sufu inayeyushwa nayo. Nimeiona kofia ya boshori iliyolowekwa kwenye Jik usiku kucha na mtu mwenye nia njema. Asubuhi ilikuwa na rangi ya manjano, inateleza, na iliachana vipande vipande alipoinyanyua.

Basi mimi hutumia shampuu. Ya bei nafuu kabisa, ile ya chupa kubwa isiyo na mafuta mengi, kijiko kimoja au viwili kwa beseni. Maji ya ziwa yana chumvi chache, povu huja bila kubembelezwa. Ukizidisha shampuu utasuuza hadi jioni. Nayapima maji kwa kiwiko, kama ya kumwogeshea mtoto, nisiyahisi moto wala baridi. Nageuza sweta nje ndani, nalizamisha, nalibonyeza kama mtu anayekanda unga mwepesi, nikilisukuma chini na kuliachia, dakika tano. Silifikichi. Makwapani nalibonyeza zaidi, basi. Maji ya kusuuza lazima yawe na joto lile lile la maji ya kufulia, kwa sababu kulitoa kwenye uvuguvugu na kulitumbukiza kwenye baridi kunalishtua; hapo ndipo wengi waliofanya yote sawasawa huharibikiwa. Maji ya mwisho natia kijiko cha siki au nakamulia nusu ya ndimu, ili magamba yalale tena. Nalinyanyua kwa mikono miwili kutoka chini, kama unavyonyanyua mtoto aliyelala, kwa sababu sweta lililojaa maji ukilishika mabegani litanyooka kwa uzito wake hadi lifike magotini. Kisha nalitandika juu ya taulo kavu, nalikunja pamoja na taulo kama chapati iliyoviringwa, na nalikanyaga kwa miguu mitupu. Taulo linakunywa maji. Kukamua hakupo.

Wanaofulia ufukweni, na bado wapo wengi kuanzia Dunga kwenda chini, wana taabu mbili: mawe yanayofanya kazi ya dredi, na kichocho kinachosubiri miguu majini. Chota maji, fulia juu.

Nikifika hapa lazima nimtaje mama fua, maana katika nyumba nyingi za mjini ndiye mwenye beseni. Lawama za sweta lililorudi humwangukia yeye. Nimesikia mwenye nyumba akimwambia, “Mama, si ungeangalia?” Angeangalia nini? Hulipwa kwa lundo au kwa siku, na anataka kumaliza aende nyumba ya pili kabla mvua haijashuka. Analetewa jinzi, mashuka, sare za shule na sweta la sufu katika kapu moja, na kipande kimoja cha sabuni. Katika lundo hilo sweta linahitaji muda kuliko jinzi mbili, na hakuna anayemlipa muda huo. Mimi naona anayetaka sufu yake iishi ana njia mbili za haki: aiondoe kwenye kapu aifue mwenyewe, au ailipie kando na amwekee shampuu mkononi. Nimefanya lile la pili. Siku ya kwanza mama alinisikiliza hadi mwisho, akaitazama ile chupa, akasema, “Kumbe ni kuosha kichwa tu.” Alikuwa amelisema kwa maneno matano jambo nililokuwa nikilizunguka kwa robo saa.

Kuanika kuna utata ambao vitabu vya wageni havikuuona. Vitabu vinasema: tandaza mahali tambarare, kivulini. Sababu ni za kweli. Ukilianika sweta bichi kwenye henga linaota pembe mabegani, na jua kali huipauza sufu na kuifanya iwe ya manjano na dhaifu. Lakini kivulini, mahali tambarare, huku kwetu maana yake kwa wengi ni juu ya nyasi chini ya mwembe, na pale kuna nzi wa embe. Nzi huyu wa Afrika ya joto hutaga mayai kwenye mchanga wa kivulini na kwenye nguo zenye unyevu, na mabuu yake yakipata ngozi ya binadamu huingia na kukaa humo kama jipu. Dawa ya siku zote ni kupiga pasi kila kitu. Sufu haipendi pasi kavu ya moto.

Jibu nililoliona ni kuinua. Kila boma huku lina uchanja wa kuanikia vyombo, ile meza ya fito nyuma ya jikoni. Tandaza juu yake kipande cha wavu wa kuvulia uliochakaa, uliovutwa ukakaza, na sweta likae hapo, hewa ikipita juu na chini. Upepo wa ziwa, ambao huvuma kuelekea nchi kavu karibu kila mchana, hufanya kazi iliyobaki. Anza asubuhi. Ifikapo saa tisa tazama upande wa vilima vya Nandi. Mawingu yakianza kurundikana, anua. Na usianike karibu na ufuo jioni zile ambazo vijidudu vya ziwa hupanda angani kama moshi mweusi, kwa sababu vitatua kwenye sweta bichi kwa mamia na kila kimoja kikipanguswa huacha alama. Kama bado una wasiwasi na nzi, weka kitambaa cha pamba kilicholowa juu ya sufu iliyokwisha kukauka na upitishe pasi juu yake. Mvuke utapenya na sufu haitaungua.

Haya yote ni nusu ya habari. Kwa maoni yangu sufu nyingi ya Kisumu haifi kwenye beseni. Inafia kabatini.

Fikiria mvuvi wa omena. Uvuvi wa omena upande wa Kenya hufungwa kila mwaka kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wazae. Miezi minne sweta lake halina kazi. Linavuliwa likiwa na jasho, chumvi ya mwili na magamba ya samaki, linasukumwa pembeni ya nyumba ya bati, na miezi hiyo huanza na mvua ndefu, hewa ikiwa nzito kwa unyevu. Ni karamu imeandaliwa. Nondo, namaanisha mdudu na si chuma cha ujenzi, hali nguo. Kipepeo mwenyewe akishakomaa hana hata kinywa cha kufanyia kazi. Wanaokula ni viwavi wake, na ni miongoni mwa viumbe wachache wanaoweza kumeng'enya keratini. Keratini peke yake ni chakula kikavu, kwa hiyo hupenda zaidi penye jasho na madoa. Ulaya nyumba zisizopashwa moto huwapunguzia kasi msimu wa baridi. Joto linalowafaa ni nyuzi 25 hivi, na hiyo ndiyo hali ya kabati la Kisumu Januari hadi Desemba.

Umewahi kuona kwenye kona ya ukuta kijifuko bapa cha kijivu, umbo la mbegu ya tikiti, kinaning'inia na wakati mwingine kinatembea? Watoto hukichokoza kwa kijiti. Ndani yake mna kiwavi wa jamii ya nondo, aliyejishonea nyumba kwa mchanga na uzi wake. Anakula utando wa buibui, nywele zilizoanguka, na akiipata, sufu. Ukiviona vitatu ukutani, fungua kabati siku hiyo hiyo.

Dawa ambayo karibu kila duka inayo ni vile vidonge vyeupe vya nafthalini. Vinafanya kazi, ikiwa mvuke wake umefungiwa ndani ya sanduku. Vikitupwa viwili kwenye kabati la milango iliyolegea, vinawanukia wenye nyumba kuliko nondo. Lakini hapa ziwani pana jambo zito zaidi. Watu wengi wa maeneo yenye malaria ya kale huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha damu kiitwacho G6PD, hasa wavulana. Upungufu huo wenyewe haumsumbui mtu kila siku. Ila nafthalini ikiingia mwilini mwake, kwa kumeza au kwa kuvuta mvuke wake, chembe nyekundu za damu hupasuka. Madaktari wameyaeleza haya tangu miaka ya 1950: mtoto mchanga anafungwa blanketi au shali iliyohifadhiwa miezi mingi na vidonge, na baada ya siku chache macho yanakuwa manjano na damu inapungua. Nasi tunapenda kumfunika mchanga shali, kofia na soksi hata mchana wa fukuto. Shali iliyokaa na nafthalini isimguse mtoto. Kama ni lazima itumike, ifuliwe na kupigwa upepo siku kadhaa, na hata hapo mimi nisingeitumia.

Kuna silaha bora na ni za bure. Viwavi na mayai yao hawavumilii nyuzi 55 zikidumu saa chache. Fungia masweta makavu kwenye mfuko mweusi, uuache ndani ya gari lililofungwa madirisha, limeegeshwa juani, tangu saa nne hadi saa kumi. Kisumu itafanya kazi ya tanuri. Asiye na gari atumie sanduku la bati lililowekwa juani, akiyageuza masweta mara mbili. Kinyume chake ni friza. Wiki moja au mbili kwenye baridi ya kugandisha huwaua pia, na ufuo huu una friza nyingi kuliko miji mingi, ingawa sijui kama muuza samaki wa mbuta atakubali sweta lako lilale na minofu yake. Kuhusu majani ya mwarobaini, ambayo shangazi zangu huapa kwayo, mimi huyaweka kwa heshima na hupiga jua kwa usalama.

Adui wa pili ni ukungu, na huyu tunamkaribisha wenyewe kwa plastiki. Mifuko ya kubebea ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, lakini ile mipana ya draiklina bado imefunika suti nyingi miezi nenda rudi. Ndani yake unyevu hauna pa kutokea. Nguo inaanza kunuka kuvunda, kisha vidoa vya kijivu. Vua plastiki siku unapoileta suti nyumbani, uivishe shuka kuukuu la pamba.

Suti haifuliwi beseni. Ndani yake kuna vitambaa vya kushikilia umbo ambavyo havirudi kwa kiasi kimoja na sufu, na kifua kitajikunja. Baada ya mazishi ya Jumamosi ining'inize kibarazani usiku mmoja, vumbi ulitoe kwa brashi laini ukifuata mwelekeo wa manyoya, doa ulibonyeze kwa kitambaa chenye maji. Draiklina mara mbili kwa mwaka inatosha. Dawa yao inatoa mafuta ya doa na mafuta ya asili ya sufu pamoja.

Kanuni hiyo hiyo inafaa sweta, na ndiyo ngumu kuliko zote kuikubali katika mji wa watu wasafi kama wetu: lifue mara chache. Sufu haishiki harufu kama polista inavyoishika. Sweta lililovaliwa safari moja ya Nairobi linahitaji upepo wa usiku, si maji. Nikisema hivi mbele ya mama yangu hunyamaza, akanitazama kola.

Sweta langu la kwanza la sufu nililinunua Kibuye kabla sijajua lolote la hapo juu. La buluu, laini kama sikio la ndama. Nililichemshia maji mwenyewe, nikalifikicha kwa sabuni ya mche, nikalikamua na kulining'iniza juani, nikijisifu. Lilipokauka lingemtosha mtoto wa darasa la pili, ila asingeweza kukunja mikono ndani yake. Sikulitupa. Sufu iliyojifunga hivyo ina sifa moja: ukiikata kwa mkasi haifumuki, na haishiki moto kwa urahisi. Nilikata mgongo wake vipande vinne vya mraba nikampelekea shangazi. Ndivyo anavyoshikia sufuria ya omena ikitoka jikoni hadi leo, na kila nikimtembelea huniuliza kama sina sweta lingine la kufua.